Binti Anapoulizwa: Posa na Mahari katika Masisi na Walikale

Mwaka 1956, mtambaji wa Kinyanga aitwaye Shekarisi Rureke aliimba, akacheza na kusimulia hadithi ya Mwindo kwa siku 12 katika msitu wa Walikale. Daniel Biebuyck, mwanaanthropolojia wa Kibelgiji, alikuwa akiandika, na wanakijiji walizidi kufurika kila siku kumsikiliza. Mwaka 1969 Biebuyck na Kahombo Mateene, msomi aliyezaliwa miongoni mwa Wanyanga, waliichapisha, na tangu hapo inasomwa katika vyuo vikuu vya mabara ya mbali kama utenzi wa shujaa. Ni kweli shujaa yumo. Lakini aliyewahi kukaa kwenye kikao cha mahari ataisikia hadithi hiyo tangu mwanzo kuwa ni habari za posa.

Shemwindo, mtawala wa Tubondo, ana wake saba. Anawakusanya watu wake na kutangaza sheria: kila mke azae binti tu, na mtoto wa kiume akizaliwa atauawa. Mtu wa Kivu hahitaji kuelezwa sababu. Binti huingiza mali nyumbani, mvulana huitoa, na siku moja mvulana huyo hukidai kiti cha baba. Kisha anakuja Mukiti, nyoka mkuu wa majini, kumposa Iyangura, dada yake Shemwindo. Hata Mukiti mwenye nguvu kiasi hicho hamnyakui mtu. Anafika, anaeleza shida yake, anatajiwa mali, anarudi kwao kuitafuta, anaileta, na ndipo bibi arusi anapambwa na kusindikizwa na watu wake.

Mwindo anazaliwa kinyume cha amri ya baba. Baba anamrushia mkuki, anamzika, anamfungia ndani ya ngoma na kumtupa mtoni. Anayempokea ni shangazi, yule Iyangura aliyeozwa kwa Mukiti. Wanaomfulia mwili wa chuma ili aweze kupigana ni wajomba zake, ndugu za mama. Mtoto huyo anaishi kwa sababu ya ndoa mbili zilizopangwa kabla hajazaliwa, ilhali mtu anayetaka kumuua ni baba aliyewaona mabinti kama hazina yake peke yake. Jamii ya msituni iliyoitunza hadithi hii ilijua kwamba ndoa za kupangwa hujenga daraja, na ilijua pia zinavyoharibika pale mtu mmoja anapozikalia zote.

Naanzia huko kwa makusudi. Siku hizi ndoa za Kivu Kaskazini husimuliwa kuanzia vita, kana kwamba kabla ya bunduki hapakuwa na kitu, au kilichokuwapo ni unyanyasaji uleule kwa jina la mila. Historia yenyewe inasema jambo jingine. Posa ilikuwa na hatua nyingi, na ndani ya hatua hizo ndimo binti, shangazi na mjomba walimopata nafasi ya kusema. Kila aliyekuja kuitawala nchi hii alizifupisha, na kila zilipofupishwa, sauti ya kwanza kupotea ilikuwa ya binti.

Masisi ni milima: malisho ya kijani, mashamba ya maharage na viazi hadi kileleni, ukungu asubuhi, na barabara ya kutoka Sake ambayo mvua huigeuza kuwa tope hadi magotini. Ni nchi ya Wahunde. Ukishuka upande wa magharibi, milima inazama msituni na unaingia Walikale, teritware kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, nchi ya Wanyanga, Wakano na Wakumu, pamoja na Wambuti waliotangulia wote. Watembo wamekaa kusini, wakipakana na pande zote mbili. Jamii hizi zimeoana kwa muda mrefu kiasi kwamba ni vigumu kupata mzee wa Pinga au Nyabiondo asiye na mjomba wa kabila jingine.

Zamani mali ya mahari ilikuwa kwanza mbuzi. Wanyanga walikuwa pia na butea, pesa iliyotengenezwa kwa nyuzi za mti wa rafia, na kulikuwa na majembe na vitu vya chuma vya wahunzi. Mali hiyo haikukaa kwa baba wa binti. Mbuzi walioingia kwa ajili ya dada walitoka tena kwa ajili ya kaka, wakaenda kumwoa msichana wa kijiji cha pili, ambako nao walitoka tena. Nyumba tatu au nne zilifungwa kwa mbuzi walewale. Ndoa ya kwanza ikivunjika na mali ikadaiwa irudishwe, kamba iliwavuta wote. Kwa hiyo, hata kabla hatujazungumzia huruma ya mzazi, hesabu yenyewe iliwashauri wazee wasimpeleke binti mahali ambapo ni wazi hatakaa. Msichana anayetoroka na kurudi kwao kila mwezi alikuwa deni linalotembea.

Ndiyo maana palikuwa na mshenga, ziara zaidi ya moja, uchunguzi wa ukoo, na muda mrefu kati ya neno la kwanza na siku ya kusindikiza. Ndiyo maana pia shangazi, dada wa baba, alikuwa na uzito. Yeye alikuwa ameshaozwa, na mbuzi zake ndizo zilizomwoa mama wa huyu binti, kwa hiyo nyumbani kwa kaka yake alizungumza kama mwenye haki. Msichana asiyeweza kumwambia baba yake "simtaki" aliweza kumwambia shangazi, naye shangazi akapeleka neno barazani kwa maneno ya kistaarabu.

Hata mwami, yaani mtawala wa kimila, hakuwa huru. Kwa Wanyanga, mtawala alisimikwa pamoja na mumbo, mke wa kimila wa ukoo wa karibu naye. Mwami angeweza kuwa na wake wengine aliowapenda, lakini mrithi hakutoka kwao. Mumbo ndiye mke aliyebeba utawala. Anayedhani kwamba ndoa ya kupangwa ilikuwa mzigo wa wanyonge tu na atazame hilo: nchi nzima ilijipangia mama wa mtawala wake.

Kulikuwa na njia nyingine ambayo Biebuyck aliiandika kwa makini. Baadhi ya mabinti wa Kinyanga waliwekwa wakfu kwa mzimu, kwa agizo lililotokana na ndoto, ugonjwa au uaguzi. Mwanamke huyo alijengewa nyumba kwao. Hakuozwa kwa mwanamume, mahari haikupokelewa, na watoto aliowazaa na mwanamume aliyemtaka walikuwa wa ukoo wa baba yake. Kanuni iliyo nyuma yake ni ileile iliyotawala ndoa zote: mtoto humfuata aliyetoa mahari, na kama hakuna aliyetoa, mtoto ni wa kwao na mama.

Sitaki kuipamba zamani. Watoto wachanga walichumbiwa kabla hawajaota meno. Mjane alirithiwa na ndugu wa marehemu, na si kila mara aliulizwa. Machifu na matajiri walikusanya wake huku vijana wasio na dada wakingoja hadi ndevu zikomae. Sauti ya binti ilikuwapo, lakini ilikuwa ndogo, na ilipita kinywani mwa mtu mwingine. Hata hivyo ilikuwa na njia ya kupita.

Wabelgiji walikuja na karatasi. Amri ya 15 Aprili 1926 ilizipa mahakama za wenyeji hadhi ya kiserikali, na ile ya 5 Desemba 1933 ikaigawa nchi katika cheferi na sekta zinazojulikana hadi leo: Bahunde na Bashali, Katoyi na Osso upande wa Masisi, Wanianga na Bakano upande wa Walikale. Shauri la mahari likatoka chini ya mti likaingia mbele ya karani mwenye daftari. Mbuzi wakaandikwa kwa faranga. Kilichokuwa mazungumzo yasiyoisha kati ya nyumba mbili kikawa kesi yenye mshindi na mshindwa, na anayeshinda kwa karani aghalabu ni yule mwenye risiti. Binti hana risiti.

Wakoloni walijitia kulinda wanawake pia. Tarehe 9 Julai 1936 ilitolewa amri ya kumlinda msichana mwenyeji ambaye hajabaleghe asikabidhiwe kwa mume. Tarehe 5 Julai 1948 ikaja amri ya ndoa ya mke mmoja, na tarehe 4 Aprili 1950 nyingine iliyokataza ndoa mpya za mitala kuanzia Januari 1951. Ya kwanza ilikuwa ya haki kabisa, na kuwapo kwake kunathibitisha kwamba watoto walikuwa wakitolewa kweli. Ya mwisho ilizaa jambo ambalo wanasheria wa Bruxelles hawakulitazamia: mke wa pili hakutoweka, ila alitoweka kwenye vitabu. Mwanamke ambaye zamani angekuwa mke mwenye mbuzi zake na mashahidi wake akawa mtu asiye na jina mbele ya mahakama.

Lakini mabadiliko makubwa zaidi ya Masisi hayakuletwa na sheria za ndoa. Yaliletwa na ardhi. Mwaka 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyogawa ardhi kubwa kwa walowezi wa kahawa, pareto na mifugo. Mashamba yalihitaji wafanyakazi, na mwaka 1937 likaanzishwa shirika la kuwahamisha Wanyarwanda kutoka nchi iliyojaa watu na kuwaleta kwenye milima ya Masisi. Kazi hiyo iliendelea hadi 1955 na ilihamisha makumi ya maelfu ya watu, familia kwa familia, wengi wao wakielekea Gishari. Huko walipewa cheferi yao, iliyokuja kufutwa mwaka 1957.

Walikuja na taratibu zao za ndoa. Familia ya kijana ilimtuma umuranga, mtu wa kati anayechunguza na kupatanisha. Kisha ikafuata siku ya gusaba, ya kuomba, yenye malumbano marefu ya wasemaji wawili. Kisha gukwa, kutoa mahari. Na mahari ilikuwa ng'ombe. Kwa muda wa kizazi kimoja ng'ombe wakaenea katika milima ambayo zamani ilikuwa ya mbuzi, na thamani ya posa ikapanda nao. Kijana wa Kihunde aliyetaka kuoa kwa jirani mwenye ng'ombe alijikuta anazungumza hesabu nyingine kabisa.

Walioana, tena sana. Mgeni aliyepata shamba kwa kumpa mwenye ardhi mutulo, yaani ushuru wa heshima wa mbuzi au mazao, bado alikuwa mgeni. Mgeni aliyemwoza binti yake kwa mwenyeji, au ambaye kijana wake alioa kwa mwenyeji, alikuwa amepata wakwe, na siku ya ugomvi wa mpaka wa shamba mkwe huketi upande wako. Wazee wengi wa Masisi walipanga ndoa kwa hesabu hiyo bila kuona haya. Na mimi siioni kuwa hesabu mbaya, mradi binti aliijua.

Mshahara wa shamba la mlowezi ulimfungulia kijana mlango. Aliyechuma pareto au kahawa kwa faranga hakulazimika kungoja mbuzi za dada yake, na kwa hiyo hakulazimika kumtii sana baba. Alikuja kwa wakwe na fedha zake mfukoni. Kwa kijana ulikuwa uhuru. Kwa binti mambo yalikuwa na pande mbili: mchumba aliyempenda angeweza sasa kumlipia mwenyewe, lakini pia mzee mwenye fedha nyingi angeweza kumalizana na baba yake kwa siku moja, bila ziara, bila ukoo kuulizwa. Mali isiyopita katika nyumba nyingi haina mashahidi wengi.

Uhuru wa 1960 ulikuta milima ikiwa imejaa madai. Kati ya 1963 na 1965 Masisi ilipigana vita ambayo watu waliiita ya Kanyarwanda. Sheria ya uraia ya 1972 iliwapa uraia Wanyarwanda walioingia kabla ya 1950; ile ya 1981 ikawanyang'anya wengi wao. Sheria ya ardhi ya 1973, pamoja na Zairishaji wa mwaka huohuo, zikawapa wakubwa wa Kinshasa na washirika wao mashamba ya walowezi. Nyumba zilizooana katikati ya hayo yote ziliendelea kuoana, wakati mwingine kwa mapenzi, wakati mwingine kwa bima.

Kisha ikaja Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, ambayo hadi leo, pamoja na marekebisho yake, ndiyo inayotawala ndoa za Wakongo. Ni sheria ya ajabu kidogo kwa wasomaji wa Tanzania au Kenya. Inasema kila mmoja ana haki ya kuoana na amtakaye na kwamba ridhaa lazima itoke kwa wahusika wenyewe. Papo hapo, kifungu cha 361 kinamtaka mume mtarajiwa na familia yake wakubaliane na wazazi wa binti juu ya mali itakayokuwa mahari. Yaani ndoa isiyo na mahari si ndoa mbele ya serikali. Serikali iliichukua sehemu ya mali katika mila ikaitia sheriani, na sehemu ya ziara, shangazi na baraza ikaiacha nje. Na umri iliouweka ulikuwa miaka 18 kwa mvulana na 15 kwa msichana.

Tarehe 20 Machi 1993, watu wenye silaha wa Kihunde na Kinyanga waliwashambulia Wahutu kwenye soko la Ntoto, Walikale. Mauaji yakasambaa hadi Masisi, wengine wakalipiza, na kwa miezi michache maelfu ya watu wakafa na mamia ya maelfu wakakimbia. Katika vurugu hizo ndoa zote za bima zilipimwa. Kulikuwa na wakwe walioficha wakwe, na kulikuwa na wanawake walioambiwa wachague kati ya mume na kaka. Mtoto wa mchanganyiko hakujua akimbilie kijiji gani. Mwaka uliofuata, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, wakimbizi waliingia Goma na kandokando yake kwa mamia ya maelfu, wakiwamo wauaji wenye silaha, na milima haikutulia tena.

Tangu hapo vikundi vyenye silaha vimefuatana: CNDP ya Laurent Nkunda, APCLS ya Janvier Karairi, Nyatura, NDC ya Sheka Ntabo Ntaberi, M23, FDLR. Kila kimoja kilikuwa na kambi, na karibu kila kambi ilikuwa na wasichana walioitwa wake. Msichana alikamatwa njiani akitoka shambani au sokoni, akapelekwa msituni, akapewa mtu. Hakukuwa na mshenga wala mbuzi, na hakuna aliyemuuliza neno. Wengine walirudi baada ya miaka wakiwa na watoto. Mwaka 2010, kati ya tarehe 30 Julai na 2 Agosti, Luvungi na vijiji vingine kandokando ya barabara ya Kibua hadi Mpofi, Walikale, vilivamiwa, na Umoja wa Mataifa ukahesabu watu wasiopungua 387 waliobakwa. Mmoja wa waliotajwa katika uovu huo, Sheka, alijisalimisha mwaka 2017, na Novemba 2020 mahakama ya kijeshi mjini Goma ilimhukumu kifungo cha maisha kwa makosa ya kivita, yakiwamo ubakaji, utumwa wa kingono na kuwaingiza watoto jeshini.

Wapo waliosema, na bado wapo, kwamba hayo ya kambini ni mila ya Kiafrika iliyozidishwa kidogo. Mahakama za kimataifa zimelikataa neno hilo. Februari 2008, mahakama ya rufaa ya Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilitambua ndoa ya kulazimishwa vitani kuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, na katika hoja zake ikaitenganisha na ndoa zinazopangwa na wazazi wakati wa amani. Februari 2021, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Dominic Ongwen wa Uganda kwa kosa hilohilo miongoni mwa mengine mengi. Mzee wa Walikale angelifafanua kwa maneno mafupi zaidi: mtu aliyekuja bila kuomba si mkwe.

Kinachonisumbua ni kwamba vita haikubaki msituni. Ilijifunza kuingia nyumbani. Baba aliyekimbia mara tatu, asiye na shamba wala mbuzi, anapomwoza binti wa miaka 14 kwa mtu mwenye bunduki ili nyumba isiporwe, hufanya hivyo kwa lugha ya mahari. Hupokea kitu kidogo, hualika watu wawili, huita ndoa. Juu juu inafanana na ya babu yake. Hatua zote zimekatwa.

Pesa ya madini nayo imefanya kazi yake. Mwaka 2002 mawe ya bati yaligunduliwa Bisie, katikati ya msitu wa Walikale. Maelfu ya vijana walitembea kwa miguu siku nzima au zaidi kufika, na mizigo ilitoka mgongoni mwa watu hadi Njingala, kisha kwa ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo. Huko Rubaya, Masisi, koltani ilifanya vivyo hivyo. Mchimbaji wa miaka 20 alishika dola ambazo baba yake hakuwahi kuziona, lakini wajomba zake walikuwa mbali, na kesho yake shimo lingeweza kumfunika. Wengi hawakuposa. Waliishi na wasichana kwa mtindo ambao Kongo nzima huuita yaka tofanda, njoo tukae. Akipata, atatoa mahari. Asipopata, au akifa, mwanamke anabaki na watoto pasipo ndugu wa kuwaita.

Sheria za Kinshasa zilikimbizana na hali hiyo. Katiba ya 2006, kifungu cha 40, ilimhakikishia kila mtu haki ya kuoana na amtakaye wa jinsia nyingine. Sheria ya 20 Julai 2006 ikamtishia mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuolewa kifungo cha mwaka mmoja hadi 12. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya 10 Januari 2009 ikakataza uchumba na ndoa za watoto, na marekebisho ya 15 Julai 2016 yakaupandisha umri wa msichana hadi 18. Katika nchi nzima, utafiti wa 2013 na 2014 ulikuta asilimia 37 ya wanawake wa miaka 20 hadi 24 waliolewa kabla ya kutimiza 18. Ule wa 2017 na 2018 ulikuta asilimia 29. Ni hatua. Lakini wastani wa nchi haufiki Katoyi, ambako hakimu ni safari ya siku mbili na bunduki ni mlango wa pili.

Posa yenyewe haijafa, na pale inapofanyika vizuri bado inapendeza kuitazama. Pande mbili huketi zikitazamana uani, kila upande na msemaji wake. Mbuzi hufungwa kwenye mti wa parachichi na mtu mwenye macho hutumwa kuwakagua: huyu jike amewahi kuzaa, huyu amekonda, mrudisheni. Husomwa orodha: ng'ombe au bei yake, jembe, blanketi la mama, vikwembe vya shangazi, koti la mjomba, kreti za soda na za bia ya Primus. Dola huhesabiwa mbele ya wote, na noti iliyochanika hata kidogo hurudishwa, maana hakuna duka litakaloipokea. Kisha binti huitwa na kuulizwa mbele ya umati: unawajua hawa? Tupokee mali yao? Wengine huulizwa mara tatu, nao hujibu, "Pokea, baba," watu wakapiga vigelegele.

Jibu hilo halina uhuru mkubwa. Msichana gani atasema hapana mbele ya watu 60 na mbuzi wameshafungwa? Swali la kweli liliulizwa wiki nyingi nyuma, jikoni, na shangazi aliyekuja kulala siku mbili kwa kisingizio cha kusaidia kumenya mihogo. Hapo ndipo ndoa ilipokubaliwa au kukataliwa, na hapo ndipo penye kulindwa.

Januari 2025 M23 waliingia Masisi-kati, mwishoni mwa mwezi huo wakaingia Goma, na Machi wakafika Walikale-kati kabla ya kuondoka tena mwanzoni mwa Aprili. Februari kambi za wakimbizi kandokando ya Goma zilivunjwa na watu wakaambiwa warudi makwao. Familia zimetawanyika: baba yuko Sake, shangazi amekwama upande wa Walikale, kaka mkubwa yuko kambi ya Nakivale, Uganda. Posa hupita kwenye WhatsApp na mahari kwenye M-Pesa. Inawezekana kabisa ikawa posa ya haki. Simu ya shangazi ikipigwa faraghani inafaa kama ziara yake. Lakini simu iliyopigwa baba akiwa pembeni, na spika imewashwa, haifai kitu.

Kubwa zaidi ni suala la watoto waliozaliwa msituni. Baadhi ya wanaume waliowanyakua mama zao hurudi baada ya kuweka silaha chini, wakija na mbuzi, wakitaka kulipa yaliyopita ili wahesabiwe kuwa waume na wababa. Nyumba yenye njaa huona mbuzi. Kwa mujibu wa sheria ya 2006, baba anayewapokea na kumlazimisha binti yake arudi kwa mtu huyo amekosa naye. Na kwa mujibu wa kanuni ya kale ya Wanyanga, mtu huyo hana la kudai, maana siku alipomchukua hakuja kuomba, na mtoto ni wa kwao na mama. Sheria ya Familia ya 1987 inasimama upande huohuo kwa njia yake: inasema kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, na pale asipojulikana, mahakama humteua baba wa kisheria kutoka katika familia ya mama au mtu aliyependekezwa na mama mwenyewe. Mahakama ziko mbali na nyingine zimefungwa. Wajomba wa Nyabiondo na Pinga wanaowalea watoto hao, wakiwalipia shule na kuwapa vipande vya shamba, wanafanya kazi ambayo sheria imekwisha kuiandika, bila karatasi ya mtu yeyote.